Kumvisha bwana harusi wa Kizanzibari: kanzu, kilemba, joho na jambia

Bwana harusi wa kwanza niliyemvisha peke yangu alikuwa mtoto wa ami yangu, kwetu Wete, msimu wa karafuu. Kilemba nilikifunga mbele ya kioo kikakaa barabara, wazee wakanisifu, nami nikajiona nimeshafuzu. Tulipofika kwa bibi harusi akainama kupita mlangoni, maana mlango wa nyumba ile ulikuwa mfupi, na kilemba kikaanguka kizingitini mbele ya mashemeji zake. Yeye hakusema neno. Usiku ule mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi, aliniuliza swali moja tu: "Ulimwinamisha?" Sikumwinamisha. Nilikuwa nimemtazama amesimama.

Tangu siku hiyo bwana harusi hatoki chumbani kwangu mpaka ainame, asujudu, akae kitako chini, ainuke bila kushikwa mkono, na ainue mikono yote miwili juu. Harusi yetu ina kuinama kwingi. Kuna kukaa mkekani mbele ya sheikh, kuna kushikana mkono na walii wa bibi harusi, kuna sala, kuna kuoshwa miguu mlangoni kwa wakwe. Nguo inayopendeza kwa mtu aliyesimama tu bado haijajulikana kama ni nzuri.

Haya nayaandika kwa kaka, rafiki au mjomba aliyeambiwa "wewe ndiye utakayemvisha" na hajui aanzie wapi. Mimi ni mshona kanzu, cherehani yangu iko Mkunazini, Unguja, lakini ufundi wangu ni wa Pemba: mjomba alishona kanzu Chake Chake miaka mingi, na mama alikuwa akitunga kofia za viua.

Kanzu, wiki mbili kabla

Usinunue kanzu ya dukani siku tatu kabla ya harusi. Najua zinapatikana Darajani na Mchangani kila saizi, na kwa sala ya Ijumaa zinafaa kabisa. Bwana harusi lakini atakuwa na joho juu na mshipi kiunoni, na kanzu iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu yeyote itavimba pale mshipi unapobana na kupanda juu pale inapovutwa. Kwa mtu wa kimo cha kawaida, kitambaa cha upana wa sentimita 150 kinatosha mita tatu na nusu. Ukichukua pamba, kiloweke usiku kucha na ukikaushe kabla ya kumpelekea fundi, la sivyo kanzu itasinyaa itakapofuliwa.

Mpeleke mwenyewe apimwe, na uwe karibu. Urefu unapimwa akiwa amevaa viatu atakavyovaa siku hiyo, na pindo liishie juu ya kifundo cha mguu. Kwetu kanzu inayoburura chini ni aibu kwa dini kabla haijawa aibu kwa macho. Mwambie fundi kwamba juu yake patafungwa mshipi mzito, kwa sababu mshipi hupandisha pindo kama vidole viwili. Kanzu iliyopimwa bila kufikiria mshipi huishia katikati ya muundi.

Kuna sehemu za kanzu ambazo vijana wa leo hawazitaji tena, nami nazitaja makusudi kwa sababu ukizijua utaweza kusema na fundi. Badani ni vile vipande vikubwa vya mbele na nyuma. Taharizi ni vipande vya ubavuni vinavyoipa kanzu upana wa kwenda chini, na bila taharizi za kutosha mtu hawezi kukaa kitako vizuri. Kikwapa ni kile kipande kidogo chini ya kwapa. Kaba ni kile kinachotiwa ndani ya shingo kuipa nguvu. Na kazi yote ya nyuzi inayopamba shingo na kifua ndiyo darizi.

Kikwapa ndicho kinachosahauliwa, na ndicho kinachoharibu harusi. Kanzu nyingi za mashine siku hizi hazina, mkono unaungwa moja kwa moja na badani. Mvishe, kisha mwambie ainue mikono kama anayehirimia sala. Kanzu yenye kikwapa kizuri itapanda kidogo tu. Isiyo nacho itapanda mpaka magotini na itavuta shingo nyuma. Kama umeshanunua ya dukani na muda hakuna, mfuate fundi akupasulie kwapani atie kipande cha pembe nne cha upana wa shibiri. Ni kazi ya nusu saa.

Kuhusu darizi nasema kidogo, maana kila mtu ana jicho lake. Mimi napenda nyuzi nyeupe juu ya kitambaa cheupe, au rangi ya maziwa. Nyuzi za dhahabu kwenye kanzu, halafu zari ya joho juu yake, ni vitu viwili vinavyosema kwa wakati mmoja. Hariri safi na dhahabu hazivaliwi na wanaume katika dini yetu, kwa hiyo hata pete ya bwana harusi iwe ya fedha. Zari inayouzwa madukani siku hizi mara nyingi ni nyuzi za kutengenezwa zenye rangi tu ya dhahabu, lakini muulize muuzaji kabla ya kununua.

Usiku wa kuamkia harusi: udi

Nguo zote zifukizwe usiku, baada ya isha, zikiwa zimeshapigwa pasi. Ukipiga pasi baada ya kufukiza umeiondoa harufu uliyoitia.

Washa makaa kwenye chetezo uyaache mpaka yafunikwe na jivu jeupe. Makaa yenye moto mwekundu huunguza udi, na harufu inayotoka ni ya moshi. Weka kipande kidogo cha udi, kiasi cha ukucha, kisha funika chetezo kwa tenga lililopinduliwa na utandaze kanzu juu ya tenga. Pawe na shibiri mbili baina ya nguo na makaa, na usiondoke hapo hata kama umeitwa chakula. Kila nguo dakika tano mpaka kumi, ukiigeuza upande wa ndani. Anza na kikoi, kisha kanzu, kisha kilemba, mwisho joho, kwa sababu joho ni zito na linashika harufu kuliko zote, hivyo halihitaji muda mrefu.

Nyumbani kwetu ubani ni wa maulidi na hitima. Nguo za harusi ni udi. Mama alikuwa hakubali kabisa vichanganywe, nami sijawahi kuvichanganya.

Mafuta mazuri kama halud, ambari au miski hayaguswi usiku huo. Yanapakwa mwilini, asubuhi au jioni ya shughuli yenyewe: nyuma ya masikio, kwenye viganja, kwenye ndevu kama anazo. Yakidondoka kwenye kanzu nyeupe huacha doa la manjano ambalo sabuni hailitoi. Kama kanzu ni ya mtindo wa Kioman, ile yenye kishada shingoni, hapo ndipo mahali pake: chovya ncha ya kishada. Kishada kiliwekwa kwa kazi hiyo, na kila bwana harusi anapogeuza kichwa, aliyekaa naye atasikia harufu.

Kuanza kuvaa

Atie udhu kwanza. Hili liwe kabla ya kitu chochote, kwa sababu akishafungwa kilemba na kuvishwa joho hawezi tena kupaka maji kichwani wala kukunja mikono mpaka viwikoni bila kuharibu kazi yote. Kama adhana ya alasiri iko karibu, asali kwanza ndipo umvishe.

Chumbani wawe watu wawili, wewe na mpambe wake. Wakiwa sita kila mmoja atatia mkono wake kwenye kilemba.

Ndani huvaa fulana na kikoi. Suruali nyembamba inaruhusiwa, lakini kikoi kina faida mbili: kinapitisha hewa katika joto letu, na kinampa mshipi wa jambia, lile jisu lililopinda linalovaliwa kiunoni, kitu cha kushikilia. Kikoi kifungwe juu ya kitovu, pindo lipinduliwe nje mara tatu likaze. Halafu kanzu, mkono wa kulia kwanza, kwa bismillahi. Vuta badani ya nyuma ishuke sawasawa, kisha simama mbele yake uangalie pindo. Likiwa limepanda upande mmoja, kosa liko kwenye kikoi, kwa hiyo usivute kanzu. Fungua kikoi ukifunge upya.

Kofia na kilemba

Hapa ndipo penye kazi, nami nitakaa hapa kidogo.

Kofia ya viua hutungwa na wanawake kwa mkono, tundu moja baada ya jingine, kila tundu likizungushiwa uzi mpaka likawa jicho dogo la duara. Nilikua nikimwona mama akipiga mistari ya penseli kwenye kitambaa cheupe cha mara mbili, akitoboa, akizungusha uzi, akitoboa tena, na kofia moja nzuri ikimchukua wiki nyingi kwa sababu aliitunga baina ya kupika na kwenda kuchambua karafuu. Kofia hiyo haioshwi na nguo nyingine. Inafuliwa peke yake kwa maji baridi na sabuni laini, inatiwa kanji nyepesi, kisha inavalishwa kwenye faroma mpaka ikauke ili isisinyae. Asiye na faroma atumie sufuria iliyopinduliwa inayolingana na kichwa. Usiipige pasi juu ya viua, macho yatalala.

Iwe saizi yake hasa. Kofia inayobana humpa bwana harusi kichwa kinachouma ifikapo isha, na inayolegea ndiyo msingi mbovu wa kilemba. Ikivaliwa, iingie mpaka juu kidogo ya masikio na iache paji la uso wazi.

Kila ninapoiweka kofia kichwani kwa kijana nakumbuka jambo alilonifundisha mjomba. Zama za utumwa hapa Unguja na Pemba, mtumwa hakuruhusiwa kufunika kichwa mbele ya bwana wake, wala kuvaa viatu. Nguo yake ilikuwa merikani, ile shuka ngumu isiyopaushwa iliyopewa jina la nchi ilikotoka, Marekani, au kaniki iliyotiwa rangi ya buluu iliyokoza. Utumwa ulipoondolewa kwa sheria mwaka 1897, watu waliokuwa wakitembea vichwa wazi walijinunulia kofia na kanzu, na wake zao wakavaa khanga. Mjomba alikuwa akisema mtu akikuuliza kwa nini bwana harusi wa ukoo usio na mali naye avae kofia, kilemba na makubadhi, mjibu kwamba wazee wake walivitamani vitu hivyo kuliko mwenye mali yeyote. Mimi naamini hivyo. Kwa hiyo sipendi kumsikia mtu akisema haya ni mavazi ya wafalme tu.

Sasa kilemba. Chagua kitambaa cha sufi laini au pamba iliyochanganywa na sufi, cha mraba, sentimita 120 kila upande. Kitambaa cha kuteleza, hata kiwe na urembo gani, hakishiki. Pembe hadi pembe utapata kama sentimita 170, nayo inazunguka kichwa cha mtu mzima karibu mara tatu. Wazee walivaa pia debwani, ile yenye mistari na wekundu mwingi, na mtu akiwa nayo ya babu yake ningependa sana kuifunga. Lakini mara nyingi imeshachoka kwenye mikunjo, na haifai kuvutwa.

Kikunje pembe kwa pembe upate pembetatu, na pembe mbili zisilingane hasa, ya chini itokeze vidole viwili ili darizi za zote mbili zionekane. Kitandaze mezani, upande mrefu uwe kwako. Kunja upande huo kwenda ndani, upana wa vidole vitatu, mara tatu au nne, mpaka upate ukanda imara, pembe ikibaki nje. Mikunjo hii ndiyo roho ya kilemba. Ikiwa milegevu, hakuna namna ya kukaza baadaye. Mimi huipitishia pasi ya moto mdogo.

Mkalishe bwana harusi kwenye kiti, wewe simama nyuma yake. Weka katikati ya ukanda juu ya paji, pale nywele zinapoanzia. Usishuke chini ya hapo, kwa sababu paji linatakiwa liguse msala anaposujudu. Pembe ipite juu ya kofia na ianguke kisogoni. Chukua ncha mbili uzilete nyuma, uzipishanishe chini ya kisogo juu ya ile pembe, na hapa uvute kwa nguvu kuliko sehemu nyingine yoyote, mpambe akiwa ameshika ukanda wa mbele kwa vidole viwili usipande. Kosa langu la Wete lilikuwa hapa. Nilipishanisha katikati ya kichwa, ambako hakuna cha kuzuia, badala ya chini ya ule mfupa unaotokeza kisogoni. Mfupa huo ndio unaoshika kilemba mtu anapoinama.

Zirudishe ncha mbele, ya kulia ipite kwanza, ukiizungusha mara moja ili ukanda uwe na msokoto mdogo, kisha uichomeke chini ya mkunjo juu ya sikio la kushoto. Ya kushoto ipite juu yake, ikichomekwa upande wa kulia. Mwisho vuta ile pembe ya nyuma kwenda chini mpaka kofia ishikike, ipandishe na uichomeke kwenye ukanda, au iache ikining'inia kama wakubwa wake wanapenda hivyo. Acha viua vya kofia vionekane kidogo juu.

Kidole kimoja kiingie kwa shida baina ya ukanda na kipaji. Vikiingia viwili, anza upya.

Halafu mjaribu. Ainame kama anayerukuu. Asujudu, na uhakikishe paji limegusa chini. Ageuze uso kulia na kushoto kama anayetoa salamu ya sala. Atikise kichwa. Kilemba kikisogea hata kidogo, fungua chote. Mara nyingi mimi hufunga mara tatu kabla ya kuridhika, kwa hiyo tenga saa nzima kwa kilemba peke yake. Kusifiwa na watu waliokaa mlangoni wakati mtu amesimama mbele ya kioo ni kilemba cha ukoka, usikitegemee.

Vilemba vilivyoshonwa tayari, vya kuvaa kama kofia, sivipendi. Vinakaa juu ya kichwa kama chombo. Kitambaa kilichofungwa kwa mkono hufuata kichwa cha mtu, na uso wake unabaki kuwa wake.

Joho au bushti

Joho ni zito, la sufi, jeusi au buluu ya usiku, limedariziwa shingoni na mbele mpaka chini. Bushti ni jepesi, linapitisha mwanga, lina utepe wa zari. Kwa harusi ya Januari au Februari, jua likiwa kali, ningechukua bushti bila kusita. Joho ni la usiku, au miezi ya kipupwe.

Nilipokuwa kijana, miaka ya 1990, mjomba alinivusha bahari kuja Unguja akanipeleka Makumbusho ya Kasri, pale Mizingani, kutazama picha za masultani. Hatukwenda kwa ajili ya utawala wao. Alitaka nione joho linavyokaa begani kwa mtu mzima. Tulisimama muda mrefu, akinionesha kwa kidole: joho linavaliwa wazi, halifungwi mbele, ili mshipi na jambia vionekane. Akanionesha pia kwamba uzito wake wote uko mabegani, kwa hiyo kanzu ya ndani lazima ilale bila mkunjo pale.

Vitu viwili tu vya kuangalia. Urefu: liishie juu kidogo ya pindo la kanzu, lisilingane nalo wala kulipita. Na mabega: mshono wa shingo ukae katikati ya uti wa mgongo, kwa sababu joho huteleza upande wa mkono anaousalimia nao watu, na bwana harusi atasalimia watu mia. Mpambe ajue kazi hiyo. Kila baada ya muda asimame nyuma yake alirudishe.

Joho la kuazima likaguliwe mchana, kwenye mwanga wa dirisha. Nondo hula sufi chini ya kola na ndani ya mikono, mahali ambapo macho hayafiki.

Jambia

Kwanza, liwe limeazimwa kwa mtu anayejua linakwenda wapi, na mbele ya shahidi. Majambia ya zamani ya fedha yamebaki machache katika nyumba zetu, mengi yaliuzwa, na lililobaki ni amana ya ukoo mzima. La ukoo wa mama lilikaa kashani, kasha la njumu, kwa miaka mingi bila kuvaliwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na mara ya kwanza nilipoliona likitoka lilikuwa limeshakuwa jeusi. Asili yake ni Oman, ambako hadi leo limo katika bendera ya nchi pamoja na panga mbili zilizopishana.

Safisha fedha kwa kitambaa laini na chaki iliyosagwa, taratibu. Ukwaju na ndimu ni vya shaba; juu ya nyuzi nyembamba za fedha huacha madoa, na maji yake huingia kwenye ngozi iliyo chini yake ikaoza. Kama pete ya ala imelegea, mpelekee sonara kabla ya harusi, usifunge kwa uzi.

Kabla ya mshipi, zungusha mahazamu kiunoni, ile shali iliyokunjwa kwa urefu, juu ya kitovu, ikaze kiasi cha kumruhusu avute pumzi kamili. Mshipi wa jambia unakuja juu yake. Bila mahazamu mshipi utateleza juu ya kanzu na jambia litainama mbele kwa uzito wa mpini. Jambia likae katikati, mbele, mpini ukielekea juu, na mkunjo wa ala ukiwa usawa wa kitovu.

Sasa akae kitako, miguu imekunjwa, kama atakavyokaa mbele ya sheikh. Mpini ukimchoma kifuani, shusha mshipi vidole viwili. Ala ikimzuia kukunja miguu, upandishe. Mahali sahihi pako baina ya hayo mawili, na kila mwili una pake. Kijana mwenye tumbo nene huvaa chini zaidi kuliko mwembamba.

Mpini wa jambia ufungwe kwenye ala kwa utepe mwembamba mweupe, upite chini ya mpini usionekane. Harusini kuna watoto, na watoto hukimbilia kitu kinachong'aa. Kama atasali nalo msikitini, mpambe amvulie kabla ya sala na kumrudishia baadaye. Ni kitu cha dakika moja ikiwa mmefanya mazoezi.

Miguu, mfuko na bakora

Makubadhi ya ngozi, yasiyo na vifungo. Kwa wakwe ataoshwa miguu, na mtu anayehangaika na gidamu mbele ya wanawake wanaoimba anawachelewesha wote. Kucha zikatwe jana yake.

Kifungua mlango, kiosha miguu, kipa mkono: hizi ni pesa zinazodaiwa moja baada ya nyingine, na bwana harusi aliyevaa joho, mahazamu na jambia hawezi kufika mfukoni kwake. Mpambe abebe bahasha tofauti kwa kila moja, zimeandikwa nje, kwenye mfuko wa kanzu yake mwenyewe. Ile ya kipa mkono peke yake akabidhiwe bwana harusi anapoingia chumbani, kwa sababu huko mpambe hamfuati.

Bakora iwe ya mtobwe kama inapatikana, na ishikwe mkono wa kushoto ili wa kulia ubaki wa kusalimia.

Mrashi wa marashi ya waridi mshike wewe. Mnyunyizie mara mbili, akiwa ameshasimama mlangoni, juu ya joho na kamwe si usoni. Kisha mwambie mara ya mwisho ainame, ndipo atoke.

Kesho yake

Joho likung'utwe, litundikwe kivulini mahali penye upepo siku nzima. Jua huua rangi nyeusi ikawa kahawia. Lirudi kashani limefungwa kwenye shuka ya pamba, na karafuu kavu kwenye vifuko vya bafta pembeni yake, maana nondo hazipendi karafuu. Karafuu zisiguse sufi moja kwa moja, zina mafuta. Mfuko wa nailoni usitumike hata kwa usiku mmoja, unyevu wa masika utalitia ukungu ndani yake.

Kilemba kifunguliwe kabisa, kisihifadhiwe kikiwa kimefungwa. Kanzu iloweke maji ya chumvi kidogo kabla ya sabuni, hasa shingoni.

Jambia lichomolewe alani na lipanguswe jasho. Ubavu wa bapa upakwe tone moja la mafuta ya cherehani, kisha lirudishwe. Mshipi wake wa ngozi ukae mbali na fedha mpaka ukauke. Ukishamaliza, lichukue wewe mwenyewe kwa mkono wako umpelekee mwenyewe kabla ya adhuhuri, pamoja na sahani ya halua na yule shahidi aliyekuwepo ulipoliazima, na umwombe alichomoe alitazame mbele yenu.